Umbo pekee si ushahidi: Jinsi wanasayansi wanavyosaka uhai wa kale ndani ya miamba

MNAMO Agosti 1984, mtaalamu wetu wa kusaka visukuku, marehemu Kamoya Kimeu, aliona kipande kidogo cha fuvu kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilikuwa kidogo kiasi cha kutoshea kiganjani, nacho kilikuwa kimelala miongoni mwa kokoto nyingi. Hata hivyo, Kamoya alitambua kwamba ule ulikuwa mfupa wala si jiwe. Uchimbaji uliofuata ulifichua kiunzi karibu kamili cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye walimwengu humjua sasa kama Kijana wa Turkana.

Sisi Wakenya tumeizoea sayansi ya namna hiyo. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu kiumbe mwenye mfupa, umri wake na jamaa zake, lakini ni nadra kwao kubishana iwapo mfupa ulitokana na kiumbe hai. Mfupa ni mfupa, na jino ni jino.

Sasa chukulia, msomaji, kwamba unachokitafuta hakikuwa na mfupa, jino, kucha wala gamba. Kilikuwa kijiumbe cha seli moja tu, chenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita, ambacho hakingeweza kuonekana kwa macho hata kilipokuwa hai. Tena hakikufa miaka milioni 1.5 iliyopita bali bilioni 3.4, muda ambao ni zaidi ya mara elfu mbili ya ule wa Kijana wa Turkana. Katika muda huo mwamba uliokihifadhi umezikwa, umepikwa kwa joto la ardhini, umekunjwa na kupasuka, na maji ya kila aina yamepenya nyufa zake. Utajuaje kwamba kidoa cheusi unachokiona kwenye hadubini kiliwahi kuwa na uhai?

Swali hilo limewafanya maprofesa wenye sifa kubwa kukosoana hadharani, limemfikisha Rais wa Marekani mbele ya kamera za wanahabari, na sasa limehamia kwenye sayari ya Mirihi. Funzo kuu la mizozo hiyo yote ni moja: umbo ni shahidi dhaifu, na anayedai kuona uhai wa kale ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Sura ndefu iliyokosa maandishi

Kwa nini watu wazima wahangaikie vidoa? Jibu limo katika hesabu. Dunia yetu ina umri wa takriban miaka bilioni 4.54. Wanyama wenye miili inayoonekana kwa macho walianza kuacha alama zao miambani chini ya miaka milioni 600 iliyopita. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, dunia ilikuwa makao ya vijiumbe. Vijiumbe hivyo ndivyo vilivyoanza kutoa oksijeni ambayo, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, ilianza kujaa hewani na hatimaye kuwezesha viumbe kama sisi kuvuta pumzi. Kuisimulia historia ya uhai bila vijiumbe ni kama kuisimulia riwaya kwa kuanzia sura ya mwisho.

Charles Darwin alilijua pengo hilo. Katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, alikiri kwamba hakuwa na maelezo ya kuridhisha kuhusu sababu ya miamba mikongwe zaidi kuonekana mitupu, bila masalia ya viumbe. Wapinzani wake waliitumia kasoro hiyo kumsuta. Pengo lilibaki wazi kwa karibu karne moja.

Jibu la kwanza la nguvu lilitoka Kanada. Mwaka 1953, mwanajiolojia wa Marekani Stanley Tyler alikuwa akichunguza miamba yenye chuma katika ufuo wa kaskazini wa Ziwa Superior, jimbo la Ontario. Alivutiwa na jiwe jeusi la gumegume, lile jiwe gumu la silika ambalo mababu zetu walilipasua kupata makali ya visu na mishale. Alipokata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini, aliona nyuzi na vitufe vidogo vilivyofanana na bakteria. Mwaka 1954, Tyler pamoja na Elso Barghoorn wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza ugunduzi huo katika jarida la Science. Mwamba huo, uitwao Gunflint, una umri wa karibu miaka bilioni 1.9.

Gumegume lina siri yake. Maji yaliyojaa silika hupenya ndani ya seli kabla haijaoza, kisha silika hiyo huganda ikawa jiwe. Seli hubaki imenaswa humo mithili ya mdudu aliyenaswa kwenye utomvu wa mti. Ndiyo sababu watafiti wa uhai wa kale hulithamini gumegume kuliko miamba mingine mingi.

Nchi yetu ina mchango wake katika kueleza jinsi jiwe hilo linavyoundwa. Mwaka 1967, Profesa Hans Eugster alieleza madini mawili mapya aliyoyapata kwenye matabaka ya Ziwa Magadi katika Kaunti ya sasa ya Kajiado. Aliyaita magadiiti na kenyaiti. Alionyesha kwamba maji makali ya ziwa hilo, yenye chumvi na magadi mengi, huweza kutoa silika ambayo baadaye hugeuka kuwa gumegume kwa njia ya kemia tupu. Tangu hapo, wanajiolojia wa mataifa mbalimbali wanaposoma gumegume la zama za kale, hulitaja ziwa letu kama mfano wa kulinganishia.

Maswali matano kabla ya hukumu

Mtafiti anapodai kwamba amepata masalia ya vijiumbe, wenzake humhoji kama vile mhariri anavyomhoji mwandishi chipukizi aliyeleta habari kubwa yenye shahidi mmoja. Maswali yao kwa kawaida ni matano.

La kwanza, mwamba una umri gani? Njia inayoaminiwa zaidi ni ile ya zirkoni, chembe ngumu zinazopatikana ndani ya majivu ya volkeno. Zirkoni inapoumbika hufungia ndani yake urani, ambayo hugeuka polepole kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Nusu ya urani ya aina ya 238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Kwa kupima kiasi cha urani na cha risasi, mtaalamu husoma umri wa tabaka la majivu lililo juu au chini ya mwamba unaochunguzwa.

La pili, mwamba uliumbika wapi? Matope ya ziwani, mchanga wa ufuoni au chemchemi ya maji moto huweza kuwa makao ya vijiumbe. Mwamba uliotokana na uji wa volkeno wenye joto la takriban digrii elfu moja hauwezi.

La tatu, je, kitu hicho ni cha zama za mwamba wenyewe, au kiliingia baadaye? Bakteria wa leo huishi ndani ya nyufa za mawe. Mafuta hupenya. Hata mkono wa mtafiti huacha uchafu. Ili kujibu swali hili, jiwe hukatwa na kusuguliwa hadi linapobaki na unene wa milimita 0.03, kiasi cha kupitisha mwanga. Kitu kinachotiliwa shaka lazima kionekane kimezungukwa pande zote na chembe za jiwe, wala kisiwe kimelala ndani ya ufa.

La nne, umbo na kemia yake vinakubaliana? Mtafiti hutafuta kuta za seli, dalili za seli zinazogawanyika, na kundi la vitu vyenye ukubwa unaokaribiana. Kisha hupima kaboni. Kaboni ya asili ina aina mbili zisizooza: kaboni 12, ambayo ni takriban asilimia 99, na kaboni 13 iliyo nzito kidogo, ambayo ni asilimia moja hivi. Viumbe vinavyojitengenezea chakula kutokana na hewa ya kaboni hupendelea ile nyepesi. Kwa sababu hiyo, mabaki yao huwa na upungufu wa kaboni 13 wa takriban sehemu 25 katika kila 1,000.

La tano ndilo gumu kuliko yote: je, kuna njia yoyote isiyohitaji uhai ambayo ingeweza kuzaa kitu hicho hicho? Hapa ndipo wengi walipojikwaa.

Kesi ya Apex

Mfano mashuhuri ni ule wa gumegume la Apex, lililopatikana karibu na mji mdogo wa Marble Bar katika jimbo la Australia Magharibi. Mwaka 1993, Profesa William Schopf wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alieleza katika jarida la Science aina 11 za nyuzi ndogo nyeusi zilizogawanyika vipande vipande kama shanga katika uzi. Mwamba wake ulikuwa na umri wa karibu miaka bilioni 3.465. Schopf, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Barghoorn, alisema hizo zilikuwa bakteria, na kwamba baadhi zilifanana na zile zinazotoa oksijeni. Vitabu vya shule na vyuo viliichukua habari hiyo na kuitaja kama masalia ya kale zaidi ya uhai duniani.

Vielelezo vyake vilihifadhiwa katika Makavazi ya Historia ya Viumbe jijini London. Huko ndiko Profesa Martin Brasier wa Chuo Kikuu cha Oxford alikokwenda kuvitazama upya. Mwaka 2002, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja zilizowashtua wengi. Walisema kwamba jiwe hilo halikutoka katika mchanga wa ufuo wa kale kama ilivyodhaniwa, bali katika mshipa wa maji moto uliopasua miamba ya volkeno. Nyuzi zilipotazamwa katika vina mbalimbali vya jiwe, baadhi zilionekana kujikunja na kutoa matawi kwa namna isiyo ya bakteria. Kwa maoni yao, zilikuwa kaboni iliyosukumwa pembezoni mwa chembe za silika wakati jiwe lilipokuwa likiganda.

Katika toleo hilo hilo, Schopf alijitetea. Alikuwa amezipiga nyuzi zake kwa miale ya leza, kipimo kinachoitwa Raman, naye akaonyesha kwamba zimeundwa kwa kaboni. Wakosoaji walijibu kwamba kipimo hicho hutambua kaboni lakini hakisemi iwapo ilitokana na uhai. Ni kama kuthibitisha kwamba doa lililo kwenye shati ni jekundu, bila kujua ni damu au ni juisi.

Brasier alifariki katika ajali ya barabarani mnamo Desemba 2014. Utafiti wake wa mwisho kuhusu Apex ulichapishwa 2015. Kwa hadubini yenye nguvu zaidi, yeye na wenzake walionyesha kwamba nyuzi walizozichunguza zilikuwa mabunda ya madini membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na kaboni ikajipenyeza baadaye katikati ya kurasa hizo. Schopf naye hakusalimu amri. Mnamo Desemba 2017, yeye na John Valley wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitangaza vipimo vya kaboni 12 na 13 vya visukuku 11, kimoja kimoja, na kusema kwamba tofauti zilizopatikana zililingana na aina mbalimbali za vijiumbe. Kila upande una waungaji mkono wake.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mabingwa wenyewe hawaafikiani, sayansi hii ina faida gani? Faida ipo katika kile kilichotokea kati ya 1993 na 2017. Mwanzoni ushahidi ulikuwa umbo na picha. Kufikia mwisho, kila upande ulilazimika kupima mwamba, madini, kaboni na mahali pa kila chembe. Mzozo uliinua kipimo cha ushahidi kwa watafiti wote waliofuata. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Dawa ya kasoro hiyo ya kibinadamu ni kuwepo kwa mwingine anayevuta upande wa pili.

Kemia inapoiga uhai

Katika kipindi hicho hicho, mtaalamu wa fuwele kutoka Uhispania, Juan Manuel García-Ruiz, aliongeza hofu nyingine. Mwaka 2003, yeye na wenzake walieleza jinsi walivyochanganya chumvi ya bari, silika na kaboneti katika maji yenye ukali wa magadi. Bila kuwepo kiumbe chochote, viliota vitu vilivyojinyonga kama minyoo na nyuzi zilizofanana na bakteria. Walipovitia kemikali zenye kaboni na kuvipasha moto, vilitoa alama za Raman zilizofanana na zile za nyuzi za Apex.

Hapo palikuwa na swali la haki: hiyo ni chupa ya maabara, je, mazingira ya kweli? Jibu mojawapo lilitokana na Magadi. Mwaka 2020, García-Ruiz na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa maji ya ziwa letu lenyewe. Walipoyakutanisha maji hayo na chumvi za metali, viliota vifuko na mirija ya madini yenye kuta nyembamba, mfano wa ngozi ya seli. Vitu hivyo vilikuwa kemia tupu.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Ziwa Magadi limejaa uhai, na vijiumbe vyake ndivyo hulipaka rangi nyekundu wakati wa kiangazi. Papo hapo, maji yake yanaweza kuunda maumbo yanayoiga uhai, na matope yake yanaweza kugeuka kuwa gumegume linalohifadhi yote mawili. Baada ya miaka bilioni tatu, nani angetofautisha kijiumbe na mwigo wake kwa kutazama picha peke yake?

Geuza jiwe

Si kila ushahidi ni wa kutazamwa kwa hadubini. Vijiumbe vinavyoishi kwa pamoja chini ya maji huunda utando wenye kunata. Utando hunasa mchanga na chokaa, kisha vijiumbe huupanda juu na kujenga utando mwingine. Baada ya maelfu ya miaka hutokea kichuguu cha mawe chenye matabaka, kiitwacho stromatoliti. Vichuguu vya aina hiyo vingali vinajengwa hadi leo katika ghuba ya Shark Bay, Australia Magharibi.

Mwaka 2006, Abigail Allwood na wenzake walieleza stromatoliti za Strelley Pool, katika eneo la Pilbara nchini Australia, zenye umri wa takriban miaka bilioni 3.43. Hawakutegemea kichuguu kimoja. Walifuata mwamba huo kwa takriban kilomita 10, wakatambua maumbo saba tofauti, na kuonyesha kwamba kila umbo lilitokea katika mazingira yake, kama vile miti ya mikoko isivyoota mahali pamoja na mibuyu. Nguvu za ardhi zisizo na uhai haziwezi kueleza mpangilio huo kwa urahisi, na wataalamu wengi wameukubali.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2016, kundi lililoongozwa na Allen Nutman lilitangaza stromatoliti zenye umri wa miaka bilioni 3.7 huko Isua, Greenland. Zilikuwa pembe ndogo zenye kimo cha sentimita moja hadi nne. Kama zingethibitishwa, zingeusogeza nyuma ushahidi wa uhai kwa zaidi ya miaka milioni 200.

Allwood alisafiri hadi Greenland, akautazama mwamba huo kutoka pande zote badala ya upande mmoja. Mwaka 2018, yeye na wenzake waliandika kwamba kile kilichoonekana kama pembe kilipotazamwa kutoka mbele, kilikuwa mgongo mrefu kilipotazamwa kutoka ubavuni, mithili ya mkunjo wa nguo. Mikunjo hiyo ilielekea upande ule ule ambao mwamba mzima ulikuwa umevutwa na nguvu za ardhi. Kundi la Nutman lilishikilia msimamo wake, lakini dai hilo halina tena uzito liliokuwa nao siku ya kwanza.

Aliyejisahihisha mwenyewe

Kisa kingine kinatufunza kuhusu uadilifu. Mwaka 1999, Jochen Brocks na wenzake walitangaza kwamba walikuwa wamepata, ndani ya miamba ya Pilbara yenye umri wa miaka bilioni 2.7, molekuli za mafuta zinazotokana na viumbe wenye seli changamano, kundi ambalo sisi wanadamu tumo. Habari hiyo iliwarudisha nyuma viumbe hao kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na watafiti wengi waliijenga hoja zao juu yake.

Mwaka 2008 ulitoka utafiti katika jarida la Nature ulioonyesha kwamba molekuli hizo ziliingia mwambani baadaye sana. Miongoni mwa majina ya waandishi wake lilikuwamo la Brocks mwenyewe. Baadaye miamba ilichimbwa upya kwa uangalifu mkubwa ili mafuta ya mitambo na uchafu wa mikono usiiguse, na sampuli zikagawiwa maabara mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa 2015 hayakupata molekuli zile. Ushahidi uliotikisa dunia ulikuwa uchafu.

Kuna wanaodhani kwamba kukiri kosa hadharani ni aibu. Katika fani hii, Brocks angali anaheshimiwa kwa utafiti wake.

Jiwe la Antaktika na madoa ya Mirihi

Mnamo Agosti 7, 1996, Rais Bill Clinton alijitokeza katika bustani ya Ikulu ya Marekani kuzungumzia jiwe. Lilikuwa kimondo chenye uzani wa kilo 1.93, kilichookotwa Antaktika mnamo Desemba 1984, ambacho kilirushwa kutoka Mirihi. David McKay wa shirika la anga la NASA na wenzake walisema kwamba ndani yake mlikuwa na kaboni, chembe za sumaku kama zile zinazotengenezwa na bakteria fulani, na maumbo madogo yaliyofanana na minyoo. Vyombo vya habari vilipaza sauti kote duniani, na picha ya "mnyoo wa Mirihi" ikaenea.

Mashahidi hao walianguka mmoja baada ya mwingine. "Minyoo" ilikuwa midogo kupita kiasi kuweza kubeba mitambo ya seli hai. Chembe za sumaku ziliweza kutengenezwa kwa joto na mshtuko. Kuhusu kaboni, utafiti uliochapishwa 2022 ulieleza kwamba ingeweza kutokana na maji kukutana na miamba. Leo wataalamu wengi hawakichukulii kimondo hicho kuwa ushahidi wa uhai.

Tazama basi tofauti ya lugha iliyotumika miaka 29 baadaye. Gari la utafiti la Perseverance, lililotua katika bonde la Jezero huko Mirihi mnamo Februari 18, 2021, lilikutana Julai 2024 na jiwe jekundu lililopewa jina la Cheyava Falls, katika mkondo wa mto uliokauka zamani. Jiwe hilo lilikuwa na madoa yenye kingo nyeusi, mfano wa ngozi ya chui. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Nature mnamo Septemba 10, 2025, ukiongozwa na Joel Hurowitz wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, ulisema kwamba madoa hayo yana madini ya chuma yenye fosforasi na mengine yenye salfa, yakiwa karibu na kaboni. Hapa duniani, madini hayo hutokea mara nyingi ambapo vijiumbe hula mabaki ya viumbe matopeni. Lakini pia yanaweza kutokea bila uhai.

Waandishi hao hawakusema "tumepata uhai". Walisema wamepata alama inayoweza kuwa ya uhai, wakaorodhesha njia za kikemia zinazoweza kuizaa, na kueleza ni kwa nini kila njia inahitaji kuchunguzwa zaidi. Mwaka 2021 wanasayansi wa NASA walikuwa wamependekeza ngazi yenye vidato saba ya kupima madai ya aina hii. Kidato cha kwanza ni kuona dalili. Cha mwisho ni kuthibitishwa na uchunguzi huru wa baadaye. Jiwe la Cheyava Falls lingali kwenye vidato vya chini.

Kupanda vidato vilivyosalia kunahitaji sampuli hiyo ifike kwenye maabara za duniani, ikatwe vipande vya milimita 0.03 na kupimwa kaboni yake. Gari la Perseverance lilichimba kipande na kukifungia ndani ya mrija. Hata hivyo, mpango wa kuileta mirija hiyo ulikumbwa na matatizo ya fedha. Mnamo Aprili 2024, NASA ilikiri kwamba gharama ingeweza kufikia dola bilioni 11, na kwamba mirija isingefika kabla ya mwaka 2040, mambo iliyosema hayakubaliki. Huenda kwa hivyo jibu la mojawapo ya maswali makubwa ya binadamu limo ndani ya mrija mmoja, umbali wa mamilioni ya kilomita, likisubiri nauli.

Msomaji na vichwa vya habari

Ni hakika kwamba vichwa vya habari vitapiga tena mayowe. Pengine itakuwa kuhusu Mirihi, pengine kuhusu mwamba wa Australia au wa Barberton nchini Afrika Kusini, ambako tayari vifuko vya kaboni vyenye kuta, vyenye umri wa miaka bilioni 3.2, vilielezwa mwaka 2010. Siku hiyo ikifika, mwananchi wa kawaida hahitaji shahada ya jiolojia ili kuipima habari. Ataanza na umri na asili ya mwamba. Ataangalia kama kitu hicho kilikuwamo tangu mwanzo, na kama kemia inaafikiana na umbo. Zaidi ya yote, atatazama kama waliotangaza wamejaribu kwa dhati kujipinga wenyewe, na kama kuna kundi jingine, lisilo na hisa katika ugunduzi huo, lililolitazama jiwe hilo hilo na kufikia jawabu hilo hilo.

Habari ikikosa majibu hayo, haimaanishi kwamba ni ya uongo. Inamaanisha kwamba bado haijaiva. Mwamba uliokaa miaka bilioni 3.4 hautaharibika kwa kungojewa mwaka mmoja zaidi hadi shahidi wa pili apatikane.